Skurubu ya Othman Duni

Waunguja wakitaka kusema habari za fidla hujitaja wao wenyewe, wakimaliza hujitaja tena, kisha huagiza kahawa. Waacheni. Pemba alikuwapo Othman Duni, na aliyewahi kumsikia akiuvuta uta wake alasiri ya Sikukuu hakuwa na haja ya kuvuka bahari kwenda kutafuta mpiga fidla mwengine. Othman mwenyewe alikuwa akisema hivyo kila siku, na kwa sauti, maana haya haikuwa katika vitu alivyozaliwa navyo.

Kwao Fundo, kile kisiwa kilicho mbele ya Wete, ambako kila mwanamme ni mvuvi isipokuwa aliyeshindwa. Othman alishindwa. Mtumbwi ukitikisika kidogo tu yeye hutapika mpaka samaki wakamwonea huruma. Baba yake akavumilia, akachoka, akamshika mkono akamleta Chake Chake, mtaa wa Madungu, kwa mjomba wake aliyekuwa fundi wa vyerehani. Akamwambia shemeji yake, "Mfunze kitu kisichoelea."

Akafunzwa. Vyerehani, stovu, karabai, saa za ukutani, gramafoni, chochote chenye skurubu kilipita mkononi mwake. Skuli aliikimbia mapema, kwa hiyo nyiye mliosoma mpaka mkaota miwani msimtafute kwenye vitabu. Akili yake ilikuwa sikioni. Ukimletea cherehani hakukifungua kwanza. Hukizungusha gurudumu, akafumba macho, akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, kisha akakutajia bei iliyokutoa machozi. Meno yake mawili ya mbele yalichukuliwa na springi ya gramafoni iliyomkatikia usoni, na hilo pia alilihadithia kama ushindi.

Sikio hilohilo ndilo lililompeleka kwenye fidla. Alimpata askari mmoja mstaafu wa bendi ya polisi aliyekuwa anahama, akamwachia fidla yenye ufa mgongoni. Othman akauziba ule ufa kwa lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia mihuri, akakaa nayo kibandani mwake mpaka majirani wakamshitaki kwa mkewe. Mkewe, Bi Moza, akawajibu kwamba yeye ndiye anayelala naye, na kama yeye hajashitaki basi wao wameumwa na nini. Haukupita mwaka Othman akawa katika klabu ya taarabu ya Madungu, na haikupita mingi akawa amekaa kiti cha mbele.

Sasa kiti cha mbele nacho kina maana yake. Klabu ilikuwa na fidla kadhaa, udi, kanuni ya nyuzi zisizohesabika, akodiani, rika na dumbaki. Msimu wao ulifunguliwa Mfunguo Mosi kwa Sikukuu ya Idi Ndogo, ukafungwa kwa Idi Kubwa. Na kila walipopiga mbele ya watu walianza na bashrafu, yaani muziki mtupu usio na mwimbaji. Bashrafu ndiyo mtihani. Mwimbaji akiharibu utasema ana mafua, lakini bashrafu ikiharibika hakuna wa kusingiziwa. Mwenye fidla ya kwanza hukaa kiti cha mbele, upande wa kulia, na wengine wote humtazama mkono. Uta wake ukiondoka, wameondoka. Ukisimama, wamesimama. Othman alikalia kiti hicho miaka mingi, na mguu mmoja wa kiti uliovunjika aliutengeneza mwenyewe, akautia skurubu.

Hapo ndipo alipoingia Abrahman.

Sheikh Abrahman alikuwa na mikarafuu mingi na maneno mengi zaidi. Miaka ile ya hamsini ilipokuwa inaishia alichaguliwa mwenyekiti wa klabu, ingawa hakuweza kupiga hata mluzi. Alikuwa na mtoto wa dada yake, kijana akiitwa Nyange, aliyekaa Unguja muda akarudi na nywele za kupaka mafuta, suruali ya pasi, na fidla inayong'ara kama kijiko kipya. Upigaji wake ulikuwa wa haraka haraka na wa kupendeza, kama mtu anayekimbia asishikwe. Na mwaka ule Idi Ndogo ilipoangukia katikati ya masika, Abrahman akawaalika wageni kutoka Unguja waje kuisikiliza klabu yake.

Jumba la klabu lilijaa. Mvua ilikuwa inapiga bati juu, watu wamekaa kwenye mikeka, viatu vimerundikwa mlangoni. Othman alikuwa ameshakaa kitini pake, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, fidla begani. Abrahman akaja mpaka mbele yake na bakora.

"Othman, hebu ondoka hapo."

"Niondoke niende wapi, Sheikh Abrahman? Watu washakaa."

"Nenda popote. Leo kuna wageni. Hawakuvuka bahari kuja kutazama mapengo yako."

Waliokuwa karibu wakacheka. Waliokuwa mbali wakauliza kimesemwa nini, wakaambiwa, wakacheka nao. Abrahman akamshika Othman kwapa, akamwinua kama anavyoinuliwa mgonjwa, na Nyange akakaa hata kabla kiti hakijapoa. Kiti chengine hakikuwapo. Othman akarudi nyuma, na nyuma, mpaka akafika mlangoni penye viatu, na hapo akabanwa.

Bashrafu ikaanza. Akaingia mgeni mmoja aliyechelewa, akavua makubadhi yake mazuri ya ngozi, akatazama huku na huku, akamwona mzee aliyesimama na viatu, akamtia makubadhi mkononi. "Nishikie haya, baba, yasije yakaibiwa."

Na Othman akayapokea. Hilo ndilo lililomla roho miaka yote, kwamba aliyapokea. Mkono mmoja fidla, mkono mmoja makubadhi ya mtu, bashrafu nzima, na Nyange yuko kitini pake anapinda shingo kama jogoo.

Aliporudi nyumbani Moza alikuwa ameshapata habari kwa wanawake wenziwe, lakini akataka kuzisikia kwa mwenyewe.

"Na kweli uliyapokea, Baba Kazija?"

"Mkono ulijipokelea wenyewe."

"Na mwenyewe alipotoka?"

"Kasema ahsante."

"Bora angetukana," Moza akasema.

Othman akaitundika fidla ukutani. "N'nakwambia, Mama Kazija, kile kiti nitakirudia. Na Abrahman atasimama palepale penye viatu, bashrafu nzima, na watu wote watamwona. Nisipomsimamisha mimi si mtoto wa Duni."

"Utamsimamisha vipi? Yeye ana mikarafuu, wewe una bisibisi."

"Basi ni hiyohiyo bisibisi."

Alianza na vidogo. Karabai ya nyumbani kwa Abrahman ililetwa kutengenezwa, ikarudi inawaka vizuri lakini inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na hakuna fundi mwengine aliyejua kwa nini. Cherehani cha mke wa Abrahman kikaanza kukata uzi kila kinapofika kwenye pindo. Lakini haya hayakumshibisha. Mtu aliyevunjiwa heshima mbele ya watu hawezi kulipwa kwa karabai. Alitaka kitu kikubwa, kitu chenye watu wengi wa kukitazama, na alikingoja akiwa amekunja uso hata salamu za msikitini anazitoa puani.

Kikubwa kililetwa na Nyange mwenyewe, kwa miguu yake. Abrahman alikuwa amenunua dukani kwa Fidahussein sahani mpya ya santuri kutoka Misri, bashrafu ambayo Chake Chake nzima hakuna aliyeisikia bado, ipate kupigwa siku ya Idi Kubwa mbele ya klabu ya Wete aliyoialika. Wapigaji wa Madungu hawakusoma noti hata mmoja wao. Kazi yao ilikuwa hivi: sahani inawekwa kwenye gramafoni ya klabu, ambayo haikuwekewa sahani za kuimba, kanuni inatiwa sauti kwa kuifuata sahani, vyombo vyengine vinaifuata kanuni, kisha wanasikiliza na kurudia, kipande kwa kipande, mpaka iwakae vidoleni. Sahani ndiyo mwalimu wao. Na mwalimu huyo hakuwa na pa kusimama, kwa sababu gramafoni ilikuwa imekwama.

Nyange akaiweka mezani kwa Othman, na sahani juu yake. "Mzee Othman, mjomba kasema skurubu ndo kazi yako."

"Kasema kweli. Iache hapo."

"Tunaitaka kesho."

"Utaipata. Mwambie Sheikh Abrahman safari hii sitaki hata senti."

Nyange akafurahi, akaondoka. Masikini hakujiuliza ni lini Othman Duni aliwahi kutengeneza kitu bure.

Kutengeneza kwenyewe kulikuwa kazi ndogo, vumbi na mafuta yaliyoganda. Kisha akaiweka ile sahani asikilize. Ilikuwa bashrafu nyepesi, yenye furaha, fidla zinafukuzana kama watoto wanaotoka chuo cha Kurani. Othman akaisikiliza mpaka mwisho. Hata chuki yake yote haikumzuia kutikisa kichwa. Halafu akaigeuza gramafoni, akaifungua tumbo.

Mle ndani mna kidude chenye vyuma vinavyozunguka, ndicho kinachoshika mwendo wa sahani usizidi wala usipungue. Kwa nje pana kikono cha kuurekebisha. Kile kikono Othman alikiacha palepale katikati, asije akashukiwa. Ndani ndiko alikokaza skurubu moja, akakaza tena, kisha akaimwagia lakiri ya moto ili asipatikane wa kuilegeza. Akaifunga, akaitia ufunguo, akaiweka sahani.

Bashrafu ilitoka imelala. Watoto wa chuoni waliokuwa wakifukuzana sasa wakawa wazee wanaorudi mazikoni. Kila sauti ilishuka chini, ikajivuta, ikakaa, ikafikiri, ndipo ikaondoka. Ingekuwa na mwimbaji ndani siri ingefichuka mara moja, maana sauti ya mtu ukiipunguza mwendo huwa kama ng'ombe. Lakini bashrafu haina mwimbaji, na fidla iliyopunguzwa hubaki fidla. Othman akacheka peke yake mpaka mapengo yakapiga mluzi.

Siku zilizofuata akawa anapita nyuma ya jumba la klabu kila wanapofanya mazoezi. Hana haja huko, anapita tu. Siku moja alimsikia Mzee Jecha, mpiga kanuni, akilalamika dirishani.

"Mwenyekiti, hizi nyuzi zangu nimezilegeza mpaka zinasinzia. Hawa Wamisri mwaka huu wana nini?"

"Huo ndio mtindo mpya wa huko," Abrahman akamjibu. "Nyiye mmezoea mbio mbio. Hii ni bashrafu ya watu wakubwa."

"Watu wakubwa au wagonjwa?"

"Jecha, piga kanuni yako."

Othman pale nje aliuma ukingo wa kofia yake asisikike.

Kazi ilibaki nusu. Fidahussein aliletewa sahani mbili tu za bashrafu ile, na ya pili ilichukuliwa na klabu ya Wete. Othman akapanda lori la asubuhi mpaka Gando, upande huohuo wa Wete, akamkuta Kificho, kiongozi wa klabu hiyo, anafunga paa la banda la mbuzi. Kificho alikuwa mtu wa hasira za karibu, na klabu ya Madungu ilikuwa inamkera toka ujana.

"Yakhe Kificho, ile sahani ya Misri mmeshajifunza?"

"Tushaimaliza. Kwani we inakuhusu nini? Si washakufukuza?"

"Ndo maana inanihusu. Sikiliza. Idi Kubwa Madungu watapiga hiyohiyo, na wao wenyeji, wataanza. Wakimaliza, nyiye msibadilishe. Pigeni hiyohiyo, kama ilivyo kwenye sahani."

Kificho akateremka kwenye ngazi. "Watakosea?"

"Watapiga kama wanamsindikiza maiti."

"Wallahi?"

"Njoo na watu wako wote. Na mwambie mkeo avae kanga mpya, maana siku hiyo mtatazamwa."

Kificho alicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Hakuuliza limefanyikaje, na Othman hakumwambia.

Idi Kubwa ikaja na jua lake, masika yamekwisha. Alasiri viti vya wapigaji vilipangwa uwanjani mbele ya jumba la klabu, mikeka ikatandikwa, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Mbele ya wanawake alikaa Bi Khairiya. Huyu hakuwa mpigaji wala mwimbaji, lakini klabu zote za Pemba zilimwogopa kuliko mkaguzi wa skuli. Muziki usipompendeza hakusema neno. Huukunja mkeka wake akauondokea, na wanawake wote nyuma yake hukunja mikeka yao. Klabu iliyokunjiwa mkeka na Bi Khairiya haikualikwa harusi mwaka mzima.

Othman hakukaa. Alikwenda kusimama penye viatu, kwa hiari yake, apate kuiona vizuri sura ya Abrahman. Moza akamwona toka upande wa wanawake, akajua kuna jambo, akajifunika buibui.

Nyange akainua uta. Bashrafu ikaondoka.

Ikaondoka polepole, nzito, imeshuka chini kabisa, udi unadondoka neno neno, dumbaki linapiga kama moyo wa mtu aliyelala. Othman akamtazama Bi Khairiya mikono. Mikono haikwenda kwenye mkeka. Akangoja. Watu walikuwa kimya, na Othman kwanza akadhani ni kimya cha aibu, ile ya watu wanaoogopa kutazamana. Kisha akamwona mzee mmoja mbele yake amefumba macho, anatikisika. Akamwona muuza kahawa ameshika vikombe vyake viwili asivigonganishe. Akamwona Bi Khairiya, mwanamke asiyejulikana kulia hata msibani, anachukua ncha ya buibui lake na kuipeleka jichoni.

Ikafika pahala pa katikati, fidla ya kwanza inapopanda peke yake. Kwa mwendo ule sauti hiyo ilitaka uta uvutwe bila kukatika, mrefu, mrefu tena. Nyange mazoea yake ni mbio. Uta ukamwishia njiani, fidla ikakwaruza, akaushika tena, ukamwishia tena. Abrahman akakunja uso. Lakini watu hawakujali, walikuwa wameshachukuliwa, na ilipokwisha Bi Khairiya ndiye aliyenyanyuka wa kwanza kwenda kutuza, na wanawake wakamfuata kwa vigelegele.

Wete wakakaa. Kificho akamtafuta Othman kwa macho, akamkonyeza. Wakaipiga ileile, kama ilivyo kwenye sahani, safi, hapana kosa hata moja. Mkeka ukaanza kunong'ona.

"Hawa wamefukuzwa na nyuki?"

"Si ileile bashrafu ya Madungu?"

"Ndiyo ileile, wameiiba kisha wanakimbia nayo."

Bi Khairiya akaukunja mkeka.

Asubuhi yake Kificho alikuwa kibandani kwa Othman kabla hajafungua mlango wote. Mkononi ana sahani.

"Uliniambia watapiga vibaya!"

"Walipiga vibaya! Mimi na wewe tunajua walipiga vibaya!"

"Basi vibaya vyao ni vizuri kuliko vizuri vyetu. Mke wangu kakataa kuniandalia chai. Kanga mpya, Othman! Kaivaa kanga mpya kuja kukunjiwa mkeka!"

"Sasa nenda kawaambie watu kwamba Madungu waliikosea."

"Nani atanisadiki? Nitasema tumeshindwa na waliokosea?" Akaitupa ile sahani juu ya meza, kwenye vipande vya stovu. "Chukua. Siye Wete hatutaki hata kuiona. Na ukipita Gando, pita mbio."

Moza naye hakumsaidia. Alikuwa anachambua mchele, macho bado mekundu.

"Nililia, Baba Kazija. Pale pahala pa katikati. Halafu nikakasirika, maana yule kijana kaikatakata. Pale palitaka mkono wako."

Othman akafungua mdomo. Alitaka kumwambia kwamba bashrafu ile ni yake yeye, kaitengeneza yeye kwa bisibisi, kwa roho mbaya na lakiri ya moto. Akakumbuka kwamba Moza ana dada wengi, na kila dada ana majirani. Na siku Madungu itakapojua, kiti hatakiona tena, wala klabu, wala pengine meno yaliyobaki. Akaufunga mdomo. Tangu azaliwe hakuwahi kuwa na kitu kikubwa kiasi kile cha kujisifia, na ndicho kitu pekee asichoweza kukisema.

Jioni akaja Abrahman, bila bakora. Akakaa juu ya debe, maana kwa Othman wateja hawakuwekewa kiti.

"Othman, ile bashrafu watu wanaitaka tena siku ya kufunga Sikukuu. Bi Khairiya kaleta ujumbe."

"Nimesikia. Hongera."

"Nyange hana mkono wa kuibeba. Uta unamwishia."

"Mwambie anunue uta mrefu zaidi. Unguja kila kitu kipo."

"Bwana, usinifanyie hivyo. Nimekuja kwako kwa miguu yangu."

"Kwa miguu au kwa makubadhi?"

Abrahman akatazama chini. Alikuwa amevaa makubadhi. Akaelewa, akaivuta miguu nyuma.

"Nitapiga," Othman akasema, taratibu, akilitafuna kila neno kama tambuu. "Lakini kiti hutamtuma mtu. Utakibeba wewe, kwa mikono yako, mbele ya watu, unikalishe. Kisha utakwenda mlangoni penye viatu, usimame. Bashrafu nzima. Ukikaa, nami nashusha uta."

"Mbele ya Bi Khairiya?"

"Hasa mbele ya Bi Khairiya."

Abrahman akaivua kofia, akaivaa tena. Mwisho akasema, "Haya."

Siku ya kufunga, Othman alinyoa, akavaa kanzu aliyoolea, akafungua tabasamu lote ili mapengo yaonekane vizuri. Uwanja ulikuwa umejaa mpaka juu ya ukuta. Abrahman akatoka ndani ya jumba na kiti mikononi, kile chenye mguu wa skurubu, jasho linamtoka, akakiweka upande wa kulia. Akampangusia vumbi kwa leso yake. Othman akakaa. Akamtazama mwenyekiti anavyoondoka mbele ya watu wote, hatua kwa hatua, mpaka penye viatu, anageuka, anasimama, mikono mbele kama mtu anayeswalishwa. Ndipo Othman akainua uta, na roho yake ilikuwa tamu kama halua ya moto.

Nakwambieni alipiga. Pale pahala pa katikati uta ulikwenda, ukaenda, ungeweza kunywa kikombe cha kahawa ukakirudisha na haujafika ncha. Haukukatika. Nyange, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma, alisahau kupiga. Wanawake walilia waziwazi.

Lakini Othman alikuwa na sikio, na bashrafu ilipokwisha sikio lake likapokea alichokuwa hakukitaka.

"Tazameni mwenyekiti," Bi Khairiya alikuwa anawaambia wenziwe. "Mtu na mikarafuu yake, anabeba kiti cha mpigaji, anakwenda kutulindia viatu. Huo ndio unyenyekevu. Na bashrafu yenyewe si yeye aliyeileta?"

"Yeye. Kasema ni mtindo wa watu wakubwa."

"Basi hii ni Bashrafu ya Abrahman."

Na jina likaganda kama lakiri. Abrahman akarudi toka penye viatu anapewa mikono, mtu huyu na yule, na alipofika kwa Othman akamwinamia sikioni. "Ahsante, bwana. Ungenambia mapema kwamba kusimama pale kuna heshima hivi."

Othman hakuondoka tena kiti cha mbele. Misimu ilifuatana, Idi Ndogo na Idi Kubwa, na kila walipokaa watu wakaitaka ileile, na yeye akaipiga, akamwinua Abrahman kila mwaka kwa mkono wake mwenyewe. Mwanawe Kazija alipoolewa wakaipiga uani kwake, na wageni wakamuuliza kama anaijua habari ya mwenyekiti na viatu. Akasema anaijua. Gramafoni ya klabu kila ilipoharibika ilirudi kwake, naye kila mara aliitengeneza yote isipokuwa skurubu ile.

Alasiri moja, hana kazi, akaitoa sahani ya Kificho chini ya vipande vya stovu, akaifuta, akaiweka kwenye gramafoni yake mwenyewe iliyo sawa. Bashrafu ikatoka mbio na furaha yake, watoto wanafukuzana. Moza akaingia na sinia la mihogo, akasimama mlangoni.

"Nani hao wanaoiharibu Bashrafu ya Abrahman?"

"Wamisri."

"Wana haraka gani? Zima."

Othman hakuzima. Akanyoosha kidole, akakigusisha ukingoni mwa sahani inayozunguka, kidogo, tena kidogo, mpaka ikajivuta na kushuka pale watu wanapoipenda. Moza akaweka sinia chini, akakaa, akafumba macho.

"Naam," akasema. "Hapo sasa."

"Mwana wa haramu yule Abrahman," Othman akasema, kidole kiko palepale, na hakukiondoa mpaka ufunguo ukaisha.